Nimeongeza sponji kwenye kiti cha trekta, mbona kiuno kinazidi kuuma?

"Nina miaka 41, uzito kilo 92, na naendesha trekta la nguvu farasi 75 kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Msimu wa kulima nakaa kwenye kiti masaa tisa kwa siku, na jioni navuta tela kilomita 14 kwenye barabara ya vumbi. Tangu mwaka jana kiuno kinauma. Nikishuka inachukua kama dakika kumi kunyooka, na hata nikilala naona kama mwili bado unatikisika. Nimeweka sponji la sentimita 15 juu ya kiti, nimenunua mkanda wa mgongo ninaoukaza asubuhi mpaka jioni, na matairi ya nyuma nayajaza upepo wa psi 30 ili trekta lisiyumbe. Badala ya nafuu, sasa paja la kulia, upande wa nje, linakufa ganzi. Wenzangu wanasema figo zimelegea kwa kutikiswa. Je, ni figo? Ninunue kiti cha upepo au niache kazi?"

Pole sana ndugu yangu. Nianze na figo, maana naona ndizo zinazokunyima usingizi. Figo hazilegei kwa kutikiswa na trekta. Zimekaa juu, chini ya mbavu za mwisho, na zikiuma maumivu yake hayajali umekaa, umesimama au umelala; mara nyingi huja na homa, mkojo unaochoma au mkojo wenye damu. Maumivu unayoeleza wewe yako chini, kiunoni, yanakaza ukishuka na yanalegea ukitembea. Hayo ni ya misuli, viungo na diski za uti wa mgongo. Ila kuna jambo moja linalogusa figo kweli: madereva wengi hunywa maji kidogo makusudi ili wasishuke kukojoa. Acha hilo kama unalifanya. Kushuka huko kwenyewe ni dawa ya mgongo, kama utakavyoona.

Ganzi ya paja nayo nadhani ina maelezo rahisi kuliko unavyohofia. Kuna mshipa wa fahamu unaopita karibu na mfupa wa nyonga, mbele, kisha unashuka kwenye ngozi ya upande wa nje wa paja. Kazi yake ni kuhisi tu, hauendeshi msuli wowote. Ukibanwa na mkanda uliokazwa kutwa nzima, tena umekaa umejikunja, sehemu hiyo hufa ganzi au huchoma kama moto. Vua mkanda huo. Haujathibitika kuzuia maumivu ya mgongo kwa mtu anayetikiswa kwenye kiti, na kwako unaelekea umeleta tatizo jipya. Kama una pochi au funguo kwenye mfuko wa nyuma, toa pia. Ganzi ya aina hii hupungua taratibu ndani ya wiki chache baada ya kuondoa kinachobana. Kama inashuka chini ya goti, au mguu unakosa nguvu, hiyo ni habari nyingine, nitaifikia mwishoni.

Sasa tuje kwenye sponji.

Kila kitu chenye uzito kikikaa juu ya kitu kinachonepa kina mwendo wake wa kucheza. Mtoto kwenye bembea ndiye mfano mzuri: ukimsukuma kwa wakati wake, msukumo mdogo tu unampeleka juu, ukisukuma nje ya wakati, nguvu inapotea bure. Kiwiliwili cha mtu aliyekaa nacho kina wakati wake, karibu mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Trekta kama lako halina springi kwenye ekseli ya nyuma. Springi zake ni matairi, na juu ya matairi hayo huruka takriban mara 2 hadi 5 kwa sekunde. Bahati mbaya ndiyo hiyo: mashine inatikisika karibu na mwendo uleule ambao mgongo wako unaupokea kwa urahisi zaidi. Lori kubwa linaweza kupiga kelele na kutetemeka kuliko trekta na bado likamchosha dereva wake kidogo zaidi, kwa sababu ya tofauti hiyo ya mwendo.

Kiti kizuri huvunja mlingano huo kwa kucheza polepole kuliko trekta. Kanuni ni hii: springi huanza kupunguza mtikisiko pale tu mtikisiko unapozidi mwendo wake yenyewe kwa takriban mara 1.4. Chini ya hapo haisaidii kitu, na pale miendo miwili inapolingana inauongeza. Kiti chenye springi kinachocheza mara 1.5 kwa sekunde huanza kukusaidia mtikisiko ukifika kama mara 2.1. Sponji lililokaliwa na mtu hucheza karibu mara 4 kwa sekunde, kwa hiyo huanza kusaidia kwenye 5.6. Umeshachelewa. Kati ya 2 na 5, ambako trekta lako linafanya fujo zake, sponji linakurusha zaidi ya sakafu iliyo chini yako. Linajisikia vizuri trekta likiwa limesimama, maana linasambaza uzito kwenye makalio, na ndiyo sababu watu wengi huliamini.

Sentimita 15 zina ubaya mwingine pia. Zimekuinua, kwa hiyo egemeo la kiti ambalo lingeshika kiuno sasa linashika matako. Miguu haikanyagi sakafu vizuri, ukingo wa kiti unabana nyuma ya mapaja, na unanyoosha nyonga kila unapokanyaga klachi. Kadiri unavyokaa juu, ndivyo unavyoyumbishwa zaidi kushoto na kulia. Na kama trekta lina fremu ya kujikinga likipinduka, kichwa chako kimesogea karibu na paa. Toa sponji hilo leo. Unachohitaji juu ya kiti ni sponji gumu la sentimita 5 hadi 8 ambalo ngumi yako ikisukuma kwa nguvu haigusi bati la chini.

Chini ya sponji ndiko kazi halisi iliko. Angalia kama kiti chako kina miguu inayopishana kama mkasi, springi na shokapu. Kama vipo, vipime hivi. Keti kama unavyokaa kazini, ukiwa na buti zako, kisha zungusha kishikio cha uzito mpaka kiti kikae katikati ya safari yake ya juu na chini. Kama safari yote ni sentimita 10, ubakiwe na 5 chini yako na 5 juu. Viti vingi vina alama ya kilo pembeni. Weka karibu na 92, lakini amini katikati ya safari kuliko namba, maana springi ya zamani imechoka na namba yake inadanganya. Kiti kilichowekwa kwa mtu wa kilo 60 kitakuzamisha mpaka chini, na kila shimo litakipigisha kwenye kikomo. Kipigo hicho kikavu ndicho kibaya kuliko mtikisiko wote wa siku, kwa sababu kinafika kwenye pingili za kiuno kama nyundo.

Ujue vipi kama kinapiga kikomo wakati kelele ya injini inafunika kila kitu? Kuna raba ndogo chini na juu ya safari ya kiti. Zifute, zipake chaki, kisha fanya kazi saa moja kama kawaida. Chaki ikiwa imefutika au kuhamia kwenye chuma kinachoikabili, kiti kinagonga. Kwenye kiti kilichotumika miaka mingi mara nyingi hutaikuta hata raba yenyewe, imebaki bati juu ya bati.

Shokapu ipime kwa kukisukuma kiti chini kwa mikono na kukiachia. Kinatakiwa kurudi juu na kutulia. Kikiendelea kucheza mara mbili tatu, shokapu imekufa. Ukiona mafuta yametiririka kwenye mwili wake, huna haja ya jaribio. Halafu shika kiti kwa pembeni ukitikise kushoto na kulia. Kikilegalega, bushi na pini zimelika, na miguu inayokwama hugeuza kiti chenye springi kuwa stuli. Safisha matope, badilisha bushi, paka grisi. Fundi hahitaji siku nzima kwa hiyo kazi, na kwa viti vingi inarudisha sehemu kubwa ya nafuu ambayo mtu angeitafuta kwenye kiti kipya.

Matairi nayo. Naelewa kwa nini unayajaza psi 30: tairi gumu halinepi, na trekta linaonekana kutulia. Lakini matairi ndiyo springi pekee uliyonayo nyuma, nawe umeyageuza mawe. Ugumu wa tairi unafuata upepo wake kwa karibu, kwa hiyo ukitoka psi 15 kwenda 30 mwendo wa kuruka kwa trekta unaweza kupanda kwa hadi asilimia 40. Kama lilikuwa linaruka mara 2.8 kwa sekunde, sasa liko karibu na 4. Umelipeleka mwenyewe mpaka kwenye mwendo wa mgongo wako, na juu yake sponji linalocheza kwa mwendo huohuo.

Kwa kazi ya shambani, matairi mengi ya nyuma ya aina ya radial hufanya kazi vizuri kati ya psi 12 na 16, na yale ya nyuzi za kupishana huhitaji zaidi kidogo. Namba ya kweli iko kwenye jedwali la tairi lenyewe, kulingana na mzigo wa ekseli na kasi. Ukiwa na plau nzito imeinuliwa nyuma, au tela limelemea ndoano, mzigo huo unaongezeka na upepo lazima upande. Usishuke chini ya kiwango cha jedwali kwa kutafuta ulaini. Tairi lenye upepo mdogo mno huchanika ubavuni, na kwenye mteremko linaweza kuteleza juu ya rimu. Pima asubuhi kabla ya kazi, tairi likiwa baridi, kwa geji inayosoma vizuri namba ndogo. Geji ya lori haifai hapa. Pande zote mbili ziwe sawa, maana tofauti ya psi chache inaweza kulipa trekta mwendo wa bata. Kama matairi yana maji ya kuongeza uzito, weka valvu juu kabisa unapopima. Kumbuka pia maji hayanepi: tairi lililojazwa robo tatu lina hewa kidogo sana ya kufanya kazi ya springi, kwa hiyo kwa msimu wa kuvuta tela ni bora kuyapunguza kama kazi haihitaji uzito huo.

Kuna mruko mmoja ambao kiti chochote hakiuwezi. Ukivuta kwa nguvu kwenye udongo mkavu na mgumu, hasa magurudumu manne yakiwa yanasukuma, trekta linaanza kudunda lenyewe kwa mpigo mmoja, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo linavyozidi. Chanzo chake ni mvuto wa matairi na mgawanyo wa uzito kati ya mbele na nyuma. Punguza kasi au mzigo mpaka litulie, kisha baadaye rekebisha upepo na vyuma vya uzito, badiliko moja kwa wakati. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia.

Nadhani barabara yako ya jioni inakuumiza kuliko plau, ingawa ni fupi. Plau ikiwa ardhini inashika trekta na kulituliza. Kwenye barabara hakuna kinachoshika. Mtikisiko hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba, na mwili huuhesabu kwa namna ya pekee: ukiongezeka maradufu, muda unaotosha kuleta dozi ileile unapungua mpaka robo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri achukue hatua dozi ya siku ya masaa 8 ikifika 0.5, na inakataza kuvuka 1.15. Kwenye mtikisiko wa 0.4 unafika kiwango cha kwanza baada ya masaa 12 na nusu, kwenye 0.8 baada ya masaa 3 na dakika 7 tu. Si kwamba chini ya namba hizo uko salama na juu yake unaumia, ila zinaonyesha mahali pa kuanzia.

Chukua zile kilomita 14. Kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa unatumia dakika 34. Kwa kilomita 18, dakika 47. Tuseme kasi hiyo ndogo imeshusha mtikisiko kutoka 1.2 hadi 0.8. Pamoja na dakika 13 za ziada, dozi uliyopokea inapungua kwa karibu asilimia 38. Kasi haigharimu kitu kuibadilisha, na ndiyo hatua ya kwanza ninayokushauri. Kama kila siku kuna kasi moja ambayo trekta linaanza kurukaruka, kaa chini yake au pita haraka, usikae juu yake. Trekta likikaa siku nyingi limeegeshwa, matairi pia hupata bapa pale yalipogusa ardhi, na mruko wa kilomita za kwanza hutoka hapo.

Mtikisiko wa kwenda pembeni usisahaulike. Springi ya kiti inacheza juu na chini tu. Ukiyumbishwa kushoto na kulia, misuli ya kiuno ndiyo inayokushikilia. Egemeo lenye mbavu pembeni na vishikio vya mikono husaidia, na kupanua nafasi ya magurudumu inapowezekana husaidia zaidi. Kwenye kulima, gurudumu moja likiwa ndani ya mtaro, trekta zima limeinama na wewe umepinda kutwa nzima, tena upande uleule kama plau si ya kugeuza. Maumivu yako yakiwa upande mmoja zaidi, shuku hapo. Viti vingine vina marekebisho ya kuvirudisha wima tena, tumia.

Halafu kutazama nyuma. Mgongo uliopindishwa na kutikiswa kwa wakati mmoja huchoka haraka kuliko ukifanyiwa kimoja. Fungua kiti kizunguke nyuzi 15 au 20 kama kina uwezo huo, weka kioo kikubwa kinachoonyesha plau, na ukigeuka geuka na nyonga, usigeuze kiuno peke yake.

Na kule kukakamaa ukishuka? Misuli ya mgongo imekuwa ikijikaza kila unaporushwa, maelfu ya mara, na mara nyingi inachelewa kidogo kuliko kipigo chenyewe. Diski nazo hazina mishipa ya damu ya kutosha. Chakula chake hupenya polepole wakati unapobadilisha mkao, kukaa na kusimama. Masaa tisa mfululizo ni kama kuzifungia mlango. Shuka kila dakika 45 hadi 60, tembea dakika tano. Shuka ukitazama trekta, viungo vitatu kati ya mikono na miguu yako vikiwa vimeshika daima, usiruke. Na kwa dakika kumi za kwanza usinyanyue gunia wala kufunga jembe zito. Mgongo uliotoka kutikiswa hauko tayari, na wengi huumia hapo, kisha lawama yote huwekwa kwenye gunia. Ule mtikisiko unaousikia kitandani hauna madhara peke yake. Ni kama wa mtu aliyeshuka kwenye mashua.

Kiti kipya? Nisingekinunua kabla ya wiki mbili za marekebisho haya. Kiti cha upepo ni bora kwa kawaida, hucheza mara 1 hadi 1.3 kwa sekunde, lakini kinahitaji umeme wa volti 12, pampu isiyovuja na nafasi ya kutosha chini yake. Kikiwa na safari fupi kwenye trekta linaloruka sana, kitagonga kikomo kama cha zamani. Kiti cha springi kilichotengenezwa kwa uzito wa trekta lako na kinachofika kilo 92 bila kuishia mwisho wa kishikio kinakutosha. Usifunge kiti cha gari dogo, hata kiwe kizuri namna gani: springi za gari zilibaki kwenye gari, na wewe utakuwa umenunua sponji lingine.

Sioni sababu ya kuacha kazi kwa sasa. Lakini nenda hospitali siku hiyohiyo ukikosa hisia sehemu unazokalia kuzunguka njia ya haja, ukishindwa kukojoa au kuzuia haja, au mguu ukianza kuburuzika. Usingoje asubuhi, hata kama maumivu yenyewe si makali. Nenda ndani ya siku chache ukipata homa pamoja na maumivu, damu kwenye mkojo, kupungua uzito bila sababu, maumivu makali usiku ambayo mkao wowote hauyapunguzi, au maumivu kama umeme yanayoshuka mpaka chini ya goti. Na kama hakuna kilichobadilika baada ya wiki sita za kiti, upepo na kasi mpya, nenda pia. Mpe daktari masaa yako ya kukaa na picha ya kiti. Usishangae asipoanza na eksirei: watu wengi wa umri wako wana diski zilizochakaa kwenye picha bila maumivu yoyote, na picha kama hiyo inaweza kukutisha bila kukwambia kinachouma ni nini.